Nyumbani kwa Mama Yake

Ninyi vijana mtakaosoma daftari hili, nawaambia mapema, sikuandika ili mnisifu. Nimeandika kwa sababu mnapenda kuchukua mstari mmoja wa Biblia asubuhi, mnauweka kwenye simu zenu watu wauone, halafu mnagombana na mama zenu kabla uji haujapoa. Mimi nilifanya hayo hayo bila simu. Kwa hiyo kaeni chini msome polepole. Nami niliandika polepole, na mjukuu wangu amenyoosha herufi zilizopinda.

Nilijifunza kusoma nikiwa tayari naitwa bibi. Shule niliishia darasa la pili, kaka zangu wakaendelea, mimi nikabaki na ndama. Uzeeni kanisa letu likaanzisha darasa la kina mama, mara mbili kwa wiki, tukikaa kwenye mabenchi ya watoto wa Jumapili, magoti karibu yaguse kidevu. Zilipita mvua mbili kabla sijaweza kumaliza sentensi bila kumwomba mtu msaada. Siku hiyo nilipanga safari, nikaenda Bomani pale Tarime mjini, nikanunua Biblia ya herufi kubwa na miwani. Niliporudi kijijini sikuitia Biblia kwenye kapu. Niliibeba mkononi, mbele, watu waione.

Lakini kusoma kunachosha macho ya mzee. Basi nikawa nasoma vipande. Nilikuwa kama mtu anayechuma mboga kwenye shamba la mwenzake, majani laini tu, mengine naacha. Mahali nilipopapenda nilitia uzi mwekundu katikati ya karatasi ili nipapate tena. Kitabu cha Ruthu, kitabu kidogo kile cha sura nne, kilikuwa na nyuzi mbili.

Ili mjue kwa nini, lazima niseme mji wangu ulivyo. Wakurya wenzangu wanaelewa, wengine wasikilize. Mume wangu alifariki akaniacha na mabinti wawili, mwana sina. Mabinti wakaolewa, ng'ombe wakaingia zizini. Kwetu mama asiye na mwana hakubali mji wake uzimike. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, anamleta nyumbani awe mke wa mwana wake, yule mwana ambaye hakuzaliwa. Tunaita nyumba ntobhu. Msichana huyo ni mokamona, yaani mke wa mwana, na watoto atakaowazaa ni wa mji ule, wajukuu wa yule mama. Mwanamume aliyewazaa yupo mahali, na hana neno nyumbani kwetu.

Wapo wanaoitetea desturi hii na wapo wanaoilaani. Hapa nasema tu nilichofanya. Nilipeleka ng'ombe Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, kwa mzee mmoja mkulima. Nikazungumza na baba, nikazungumza na wajomba, nikazungumza hata na jirani aliyekuwa akipita akasikia harufu ya nyama. Msichana mwenyewe alileta maji ya kunawa, akapiga magoti, akatoka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sikumwuliza kitu. Mama yake alikuwa jikoni akisonga ugali wetu, naye sikumwuliza kitu.

Mchungaji wetu aliposikia aliniita.

"Mama, wanasema umeoa."

"Nimemwolea mwanangu."

"Mwanao yupi?"

Akanizuia Meza ya Bwana. Nilikaa benchi la nyuma, wenzangu wakipita mbele kula mkate, mimi natazama visigino vyao. Sikuhama kanisa. Mtu akikukaripia mahali pa haki, unakaa hapo hapo mpaka aishiwe maneno.

Mokamona wangu akazaa msichana, na baada ya miaka akazaa mvulana. Siku ya mvulana wanawake walikuja na vigelegele. Ndipo nikaupata mwisho wa Ruthu, pale wanawake wa Bethlehemu wanaposema Naomi amezaliwa mwana, na wote mnajua Naomi hakuzaa, aliyezaa ni mkwe wake. Nikatia uzi. Nikaenda kwa mchungaji kidole kikiwa kimeshika mahali.

Akasoma, akatabasamu. "Umesoma vizuri, mama. Hii ni sura ya nne. Ya kwanza umeisoma?"

"Nimeisoma."

Nilikuwa nimesoma mistari miwili. Ile inayosomwa kwenye harusi zote, Ruthu anapomwambia Naomi kwamba atakwenda naye aendako, watu wake watakuwa watu wake, na Mungu wake atakuwa Mungu wake. Ule ndio uzi wangu mwingine. Mchungaji alinirudishia Meza baada ya muda, akasema mengine ananiachia mimi na Mungu na kitabu hicho. Nikadhani nimeshinda.

Miaka ikapita kwa amani. Mokamona wangu ni mtu wa kazi, maneno machache. Tulilima pamoja, tukaanika mihogo pamoja, tukauguza ng'ombe pamoja. Kama alikuwa na huzuni aliimaliza kisimani kabla hajarudi na ndoo. Mimi niliita hiyo heshima.

Kisha ikaja simu kutoka Busawe. Baba yake alikuwa ameshafariki. Sasa mama yake ameanguka shambani, upande wa kulia umekufa, mdomo umepinda. Kaka zake ni wawili. Mmoja anafanya kazi Robanda, kwenye kambi ya watalii, anafua mashuka. Mwingine anafuata dhahabu kutoka shimo hadi shimo, simu yake inapatikana wiki hii, wiki ijayo haipatikani.

Nilikuwa napepeta ulezi uani alipokuja akapiga magoti mbele yangu.

"Mama, naomba niende Busawe."

"Nenda Jumamosi, urudi Jumatatu."

"Si kusalimia, mama. Kukaa."

"Kukaa mpaka lini?"

"Mpaka nione."

"Uone nini?"

"Kama atasimama, au ndio hivyo."

Nikapepeta. Makapi yakaruka yakamwangukia kichwani, hakuyafuta.

"Watoto wana shule. Palizi imefika. Mwambie kaka yako wa Robanda arudi."

"Anasema akiondoka, siku ya pili wanaweka mtu mwingine."

"Na wewe ukiondoka, mimi naweka nani?"

Mkwe hajibizani na mama mkwe. Aliinuka, akachukua ungo wa pili, akapepeta na mimi mpaka ulezi ukaisha.

Nitawaambia niliogopa nini. Ng'ambo ya kijito kuna mwenzangu mmoja ambaye mokamona wake alikwenda kwao kuzika baba. Alionekana baadaye kule kwenye machimbo, anauza chai, yuko na mwanamume kutoka mikoa ya mbali aliyefuata dhahabu. Watoto alikuwa nao huko huko. Yule mwenzangu sasa anakaa peke yake, akipika anapikia sufuria ndogo kama ya mtoto anayecheza. Nilikuwa nikipita pale natazama moshi wake mdogo, nasema moyoni, mimi hapana.

Jumatano ibada ya nyumba kwa nyumba iliangukia kwangu, na neno lilikuwa zamu yangu. Wanawake kumi na kitu walijaa sebuleni. Nikavaa miwani, nikafungua kwenye uzi wa sura ya kwanza, nikasoma nimesimama. Kisha nikafundisha. Nikasema Ruthu alikuwa na kwao. Alikuwa na mama, alikuwa na ndugu, Moabu kulikuwa na mashamba. Lakini hakugeuza shingo. Nikasema mkwe mwema hujulikana siku njia zinapogawanyika. Nikasema siku hizi wakwe wanasikia simu ikilia tu wanafunga mizigo. Wanawake wakaitikia amina. Wote walijua namsema nani, maana alikuwa pale pale anawamiminia chai, na chai haikumwagika hata tone.

Mjukuu wangu wa kike, alikuwa darasa la sita, alikuwa amekaa chini karibu na mguu wangu. Akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Bibi, naweza kuuliza?"

"Uliza haraka, tunataka kuomba."

"Ruthu anamwambia Naomi usinisihi nikuache. Sasa ni nani alikuwa anamsihi aondoke?"

"Watu."

"Watu gani?"

Rika langu mmoja, mama mwenye mdomo ambaye hajawahi kusoma hata ubao wa duka, akasema kutoka kwenye kona yake, "Jibu, mwalimu."

"Watu wa Moabu," nikasema. "Tufumbe macho."

Tukaomba. Wakati wa kuagana yule rika langu alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. "Watu wa Moabu," akasema. "Haya." Nikamsikia akicheka mpaka barabarani.

Kesho yake tulikuwa kwenye risaga, ile kazi ya zamu, leo tunapalilia shamba la huyu, kesho la yule, mwenye shamba anapika. Nikajikuta mstari mmoja na yule rika langu mwenye mdomo.

"Naomi, sogea, unanikatia mahindi," akanitania.

"Lima kazi yako."

"Nalima. Lakini nilipoinama kuchukua kikombe jana niliona kitu kwenye kitabu chako."

"Umeona nini wewe? Hujui kusoma."

"Sijui. Lakini uzi wako uko katikati ya ukurasa. Juu ya uzi kuna maneno. Mengi."

"Sasa?"

"Sasa wewe unayejua kusoma, yanasema nini?"

Wenzetu wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane nimeumia. Tukapalilia mpaka jua likawa juu ya kichwa.

Niliporudi nilinawa, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikafungua Ruthu, nikaanza juu kabisa. Nilisoma kwa kidole. Kulikuwa na njaa Bethlehemu, mtu akachukua mke na wana wawili akaenda Moabu. Mtu akafa. Wana wakaoa, wakafa. Akabaki Naomi na wakwe wawili. Hayo niliyajua kwa kusikia. Kisha Naomi anaondoka kurudi kwao, wakwe wanamfuata, na njiani anawageukia anawaambia waende, kila mmoja arudi nyumbani kwa mama yake.

Kidole kikasimama. Nikarudia, nikidhani nimeruka mstari. Nyumbani kwa mama yake. Hakusema kwa baba, ingawa kwetu mtu husema kwa baba. Na msemaji hakuwa mtu wa Moabu. Msemaji alikuwa mama mkwe.

Nikaendelea. Wanalia, wanasema watakwenda naye. Anawaambia mara ya pili warudi. Anawauliza, je, bado ninao wana tumboni mwangu, wawe waume zenu? Na hata ningewapata leo, mngewangoja mpaka wakue?

Hapo nilifunga kitabu, nikavua miwani. Mwanamke yule alisema njiani, mchana, mbele ya wakwe zake, jambo ambalo mimi nililifunika kwa ng'ombe miaka yote. Hana mwana tumboni. Hakuna mume wa kungojwa. Kwa hiyo nendeni. Mimi pia sikuwa na mwana tumboni, na nilimwambia msichana wa watu angoje.

Nilipofungua tena niliona Naomi anasema mara ya tatu, baada ya Orpa kumbusu na kuondoka. Orpa huyo nimesikia akisemwa vibaya madhabahuni tangu nikiwa msichana. Nilitafuta kwenye karatasi mahali Naomi anapomsema vibaya, sikupaona. Amembusu akaenda kwa mama yake, basi. Na Ruthu ndipo anasema yale maneno mazuri ya harusini. Anayasema mtu aliyekwisha kuambiwa mara tatu kwamba njia iko wazi. Mimi nilitaka mokamona wangu aseme maneno ya Ruthu wakati mlango nimeutia komeo. Vijana, hili ndilo neno lenyewe nililotaka kuwaambia, mengine ni maelezo.

Akapita na ndoo ya maji kichwani.

"Tua ndoo. Kaa."

Akatua, akakaa chini, miguu upande mmoja.

"Nenda kwa mama yako."

"Jumamosi?"

"Kesho. Kaa mpaka uone."

Akatazama ndoo. "Na watoto, mama?"

Hapa nitasema kweli. Mdomo wangu ulikuwa umeshajaa maneno. Nilitaka kusema, nenda na msichana, mvulana aniachie. Niliona ni haki yangu, na hakuna mzee hata mmoja kijijini ambaye angenipinga. Lakini siku hiyo Biblia ilikuwa imenikamata shingo. Nikamkumbuka mfalme Sulemani na upanga wake, na wale wanawake wawili waliogombania mtoto. Kila nilipoisikia habari ile kanisani nilijiweka upande wa mama wa kweli, maana nani anajiweka upande wa yule mwingine? Na aliyeonekana kuwa mama ni yule aliyeachia.

"Nenda nao. Mwalimu nitamweleza mwenyewe."

Hakunishukuru. Alinitazama kama anavyotazama mbuzi aliyefunguliwa kamba, hajui kama ni kweli. Kisha akauliza taratibu, "Na mzee atasema nini?" Alimaanisha shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, tunayepakana naye miji.

"Atasema. Ana mdomo."

Alisema. Walipoondoka alikuja kabla vumbi la pikipiki halijatua.

"Shemeji, umefungua zizi."

"Nimefungua."

"Asiporudi?"

"Atakuwa hajarudi."

"Na jina la kaka yangu nani atalibeba? Wewe?"

Nilimpa chai, akanywa akiwa amenipa mgongo, akaenda.

Mji ukanyamaza. Nilikamua mwenyewe, nikafagia mwenyewe. Ugali niliusonga kwa mazoea ya watu wanne, ukabaki, kuku wakanenepa. Niliomba kila jioni Mungu amponye mama wa Busawe upesi, na Mungu alijua siombi kwa ajili ya yule mama. Siku nyingine nilisoma pale Bwana Yesu anapowakemea wanaowaambia baba na mama, kile ambacho ningekusaidia nacho nimekiweka wakfu kwa Mungu, na kwa mapokeo yao wanalitangua neno la Mungu. Zamani niliwasoma watu wale kama watu wa mbali wenye kanzu. Sasa nikafikiri, mimi nilimfanya binti wa mtu kuwa wakfu kwa mji wangu, mama yake akae bila mkono wa kumgeuza.

Simu zilikuwa fupi. Mama hajambo? Hajambo kidogo. Anakula? Uji. Lini atarudi sikuuliza. Nililimeza swali hilo kila mara, nalo ni swali lenye miiba.

Wiki ya saba nikachoka kuomba vibaya. Nikamwomba rika langu mwenye mdomo aangalie ng'ombe.

"Unakwenda kumrudisha?" akauliza.

"Nakwenda kusalimia."

"Ukimrudisha kwa nguvu nitauza huyu dume mwekundu."

Nikafunga unga wa ulezi, sabuni na kuku mmoja, nikapanda basi la Mugumu. Tulipovuka daraja la Mto Mara kuku alianza kupiga kelele, nikamwambia nyamaza, hata mimi naogopa.

Pale Busawe mjukuu wangu aliniona kwanza. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Umeacha kusoma?" "Nasoma, bibi, namsomea bibi wa huku." Mokamona wangu alitoka jikoni amekonda, mikono imepasuka. Akapiga magoti kama kawaida. Uso wake niliusoma kuliko nilivyowahi kusoma karatasi. Alikuwa anangoja nimwambie afunge mzigo.

"Mama yako yuko wapi?" nikasema.

Alikuwa amelala ndani, upande wa dirisha, safi, shuka limenyooka. Macho makali. Nikavuta kigoda nikakaa karibu. Mimi na yeye hatukuwa tumezungumza hata siku moja ya maisha yetu.

"Nilikuja hapa zamani," nikasema, "na sikukuuliza kitu."

Akasema maneno yaliyotoka upande mmoja wa mdomo. Sikuyashika. Nikamtazama binti yake, naye akainamisha kichwa.

"Anasemaje?"

"Mama, ni maneno ya mgonjwa."

"Nimeuliza anasemaje."

"Anasema siku ile uliongea na ng'ombe, hukuongea na mama."

Yule mgonjwa alikuwa ananitazama, nusu ya uso inacheka. Nikasema ni kweli. Nikasema sikuja kumchukua binti yake, nimekuja kuuliza hali, na kama kuna zamu ya kuchota maji naiomba.

Zamu ilikuwepo. Maji ni mbali pale, unashuka bonde, unangoja foleni, unapanda. Siku tatu nilichota kwa zamu na mokamona wangu na mjukuu, na kila jioni tulimgeuza pamoja, mimi mabegani, binti miguuni. Mimi na mokamona wangu tulizungumza katika siku zile tatu kuliko miaka yote. Aliniambia siku nilipokuja na ng'ombe alikuwa amejificha nyuma ya ghala akitapika. Nikamwambia asante kwa kuniambia. Sikujua mtu anasema nini mahali kama hapo.

Siku ya nne, tukiwa kisimani, akaanza kusema akitazama ndoo.

"Mama, hapa maji ni mbali."

"Nimeona. Goti limeona."

"Na zahanati ni mbali. Kule kwetu kisima kiko karibu."

Sikuthubutu kumtazama. "Mimi sikuja kukuita."

"Najua. Ndiyo maana nasema." Akajaza ndoo mpaka juu. "Kama mama angeweza kubebwa."

"Umemwuliza mwenyewe? Maana katika familia hii sasa tunauliza."

Akacheka kidogo. "Nimemwuliza. Anaogopa."

"Anaogopa gari?"

"Anaogopa desturi. Mama mzazi halali kwa mkwe wake."

Ni kweli, kwetu ni aibu. Mama hawezi kulala wala kula ovyo katika mji wa mwanamume aliyemwoa binti yake, na mkwe naye anamkimbia mama huyo njiani. Nikaitua ndoo yangu, nikarudi haraka kuliko goti linavyopenda, nikainama kwenye kile kitanda.

"Mwenzangu, huyo mkwe unayemwogopa ni yupi? Nionyeshe nimfukuze. Mimi mwenyewe namtafuta miaka yote hii, sijamwona."

Alianza kutikisika. Nikadhani kifafa, kumbe anacheka. Machozi yakamtoka jicho moja. Akasema jambo, na safari hii binti yake alilitafsiri bila kuambiwa, ameziba mdomo kwa khanga.

"Anasema ni mkwe mwenye adabu sana. Hajawahi kumkosea."

Kaka wa Robanda alipopigiwa simu alilia, akasema aombewe radhi. Tukakodi gari ndogo, kiti cha nyuma kikakunjwa, tukatandika godoro. Mgonjwa alisafiri amelala, kichwa kikiwa kwenye mapaja yangu, akitazama mawingu dirishani, akiniuliza kila mara kwa upande wa mdomo kama tumefika mtoni. Tulipovuka nilimwambia, akafumba macho.

Nyumbani tulimkuta shemeji yangu amesimama uani na fimbo yake, na mabinti zangu wawili waliokuwa wamekuja kunitafuta waliposikia nimeondoka. Mvulana alishuka akakimbilia ndama. Shemeji akahesabu vichwa kwa macho, akaona jina la kaka yake limerudi, akalainika. Kisha akaona godoro.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Mama wa mokamona wangu."

"Anapita?"

"Anakaa."

"Haijawahi kutokea. Watu watasema nini? Mgeni wa namna hii analala wapi?"

Mabinti zangu wakatazamana. Mokamona wangu alikuwa ameshika pembe ya godoro, hakuinua macho, na niliona mikono yake iliyopasuka imekaza. Alikuwa ameomba kwa mdomo wake, nami nilikuwa nimekubali kule kwao. Sasa alingoja kusikia kama neno langu la Busawe ni neno langu hata mbele ya wazee wa mji wangu.

Nikavua miwani nikaifuta, ili wote wangoje. Kisha nikasema:

"Kitanda chake kiwekwe chumbani kwangu, upande wa dirisha. Uji wa kwanza asubuhi ni wake, wa pili ni wangu. Atageuzwa asubuhi, mchana na jioni, na zamu ni za wote, hata za mabinti wakija, hata wewe shemeji utashika godoro. Baada ya chakula tunasoma Ruthu kuanzia mstari wa kwanza, na zile nyuzi zing'olewe. Binti huyu akitaka kwenda popote, asinyimwe njia wala watoto. Na atakayemwita mama huyu mgeni, siku hiyo asile kwangu. Haya, shikeni godoro, jua linamchoma."